Kusomewa Mlangoni

1

Mlango wa Idara ya Ulinganisho ulitengenezwa usimfungulie mtu asiye na miadi, na kwa miaka miwili niliyofanya kazi pale haukuwahi kukosea. Jumanne ile ulikosea kwa sababu ya mkokoteni wa maji ya kunywa. Mkokoteni ulijiendesha ndani kama kawaida yake, na nyuma yake, mkono mmoja umeshika mpini kana kwamba ndiye anayeusukuma, aliingia mama wa makamo mwenye kanga ya zambarau, viatu vya mpira vilivyojaa udongo mwekundu, na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Hodi wenyewe."

Tulikuwa wawili tu chumbani, mimi na Komora Jillo, na ilituchukua muda kukumbuka kwamba neno hilo lina jibu.

"Karibu, mama," Komora akasema, akasogeza kiti.

"Namtafuta Namsifu Elinihaki Mchome."

"Ni mimi."

Alinitazama kuanzia nywele hadi viatu. "Nilidhani ni mtu mzima."

"Hata sisi tulidhani hivyo siku anaajiriwa," Komora akasema. "Bado tunasubiri."

Mama hakucheka, ila mdomo wake ulitaka. Alikaa, akaikunjua karatasi juu ya meza yangu na kuilainisha kwa kiganja.

"Naitwa Nakivona. Nimetoka Heikombo jana alfajiri. Jina lako liko hapa chini, kwa hiyo nimekuja kwako. Naomba uniambie ndiva yetu imekukosea nini."

Ndiva nilizifahamu, mama yangu alikulia milimani. Ni bwawa dogo linalochimbwa juu ya mashamba na kupigwa udongo ndani ili lisivuje. Maji ya kijito hukusanyika humo usiku kucha, na asubuhi mwenye zamu huchomoa mti unaoziba tundu la chini, maji yakashuka kwenye mifereji. Kilichonishangaza kilikuwa jina langu, chini ya amri ya kuifukia.

Nikaisoma. Ndiva ya Heikombo. Upotevu wa maji usioelezeka: asilimia ishirini na tisa. Ndiva ifukiwe, maji ya kijito yaingizwe kwenye bomba la mji. Utekelezaji, Alhamisi, saa tatu asubuhi. Mwisho kabisa kulikuwa na alama ya kidole, na jina langu lote, hata la baba.

Sikuikumbuka. Niliitafuta kichwani kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, na haikuwemo.

Hapa kwetu Shengena, maamuzi ya maji, makazi na mbegu hutolewa na mashine tuiitayo Mizani. Mizani hailali, haipokei rushwa wala haina shemeji wa kumpendelea. Kwa sababu hizo waliotutangulia waliijenga, nami naiheshimu. Lakini walipoijenga waliogopa kidogo, wakaandika kwenye katiba kwamba hakuna uamuzi utakaotoka bila kupita chini ya kidole cha mtu. Basi kila ofisa ana zamu yake, siku moja kwa mwezi. Unakaa mbele ya kioo, maamuzi yanapita, unagusa. Siku yangu ya mwisho niligusa mia tatu na kumi na mawili. Yalipofika kama mia mbili hivi niliagiza mihogo ya kukaanga, nikawa nakula kwa mkono wa kushoto.

"Ndiva yenu inavuja, mama," nilisema, kwa sababu ndivyo karatasi ilivyosema.

"Haivuji. Mwezi wa pili nimeipiga udongo kwa mikono hii. Sisimizi hapenyi."

"Vidonge vya kupimia vimeonyesha—"

"Vile vidude mlivyotutupia majini? Kimoja kilimezwa na bata."

Komora akainamia meza yake, mabega yakitikisika.

"Unaweza kukata rufaa," nikasema haraka. "Unaijaza hapahapa. Itajibiwa ndani ya siku tisini."

"Na ndiva?"

"Ndiva... itafukiwa Alhamisi. Kwetu rufaa haisimamishi utekelezaji."

"Nikishinda?"

"Utapewa barua."

"Ya kumwagilia maharage," akasema Nakivona.

Nilitamani mlango ungekuwa umefanya kazi yake. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Yeye alikuwa akisoma maandishi ukutani. "Ulinganisho," akatamka. "Mnalinganisha nini humu?"

"Jinsi nchi nne zinavyokusikiliza ukikataa," Komora akamjibu. "Uamuzi ukitoka nawe hukubali, unafanya nini, unamwambia nani, na trekta linasubiri au halisubiri. Jumatatu ripoti yetu inakwenda kwenye Baraza la Nchi Nne. Wakiipitisha, nchi zote zitafuata utaratibu mmoja. Namsifu ndiye mwandishi."

"Huko kwingine wanafanyaje?"

"Mimi natoka Ngao, kule mto unakomwagika baharini. Kwetu ukikata rufaa kila kitu kinasimama. Trekta linazimwa, bomba halichimbwi, hata kamba ya kupimia inabaki pale ilipo."

"Hapo pazuri."

"Subiri, mama. Kijijini kwetu walitaka kujenga ukuta wa kuzuia mafuriko. Mtu mmoja akakata rufaa, anataka upite nyuma ya zizi lake, si mbele. Ukuta ukasimama miaka sita. Mwaka wa saba mto ukaja. Zizi halipo. Na kijiji hakipo."

"Watu je?"

"Wengi tulipona. Nilikuwa na miaka tisa."

Nakivona akatoa sauti ndogo ya pole, ile isiyo na maneno.

"Nchi ya Matumbi," nikaendelea mimi, "rufaa inakwenda kwa mashine ya pili, iliyofundishwa na watu wengine kabisa. Inajibu kwa dakika nne. Ndiyo au hapana."

"Inasema kwa nini?"

"Haisemi."

"Basi heri uulize ukuta, angalau unakutia kivuli. Na ya nne?"

Ya nne ndiyo niliyoipenda, na nadhani sauti yangu ilinisaliti. "Ihangiro, ng'ambo ya ziwa. Huko aliyetia kidole hufunga safari. Anasimama mlangoni kwa mhusika, anausoma uamuzi kwa sauti, mwanzo hadi mwisho. Unaruhusiwa kumkatiza na kuuliza. Swali lako likikosa jibu, uamuzi unalala mpaka jibu lipatikane. Ila haulali zaidi ya siku arobaini, yasije yakatokea kama ya kina Komora."

Hiyo ilikuwa sura yangu ya sita. Niliiandika upya mara kumi na moja. Niliamini, na bado naamini, kwamba ndiyo sura itakayowafaa watu wengi kuliko jambo lolote nitakalofanya maishani.

"Basi nisomee," akasema Nakivona.

"Nimekusomea sasa hivi, mama."

"Hapa ni mlangoni kwako. Mlango wangu mimi uko Heikombo. Na si wangu peke yangu, tuko kaya kumi na tisa."

"Hapa kwetu hakuna sheria hiyo. Hata nikija nikasoma, hakitabadilika kitu. Tingatinga litafika saa tatu."

"Sijaomba libadilike." Alikuwa anaikunja karatasi yake tena, pole pole, kwenye mikunjo ileile. "Ile ndiva aliichimba bibi yangu na wenzake, mama yangu akaipanua. Linakuja kufukiwa jambo lao, na hakuna mtu anayekuja nalo. Hata dereva hilo tingatinga lenu halina. Nataka mtu mmoja aje atuambie kwa mdomo wake. Ni kubwa sana hilo?"

Halikuwa kubwa.

"Nitakuja," nikasema. "Alhamisi, kabla ya saa tatu. Nitasoma kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho."

Komora alikohoa, kikohozi cha mtu asiye na mafua. Nakivona alisimama, akatoa chane ya ndizi kwenye mfuko wake na kuiweka juu ya rasimu ya ripoti yangu, kisha akaenda kusimama nyuma ya mkokoteni kusubiri utoke.

2

Siku hiyo yote na nusu ya Jumatano nilitafuta kosa.

Nililitaka kosa kama mtu anavyotaka chakula. Nilifungua jalada la Heikombo, nikapitia vipimo vya miezi kumi na minane. Vidonge huelea ndani ya ndiva na kila baada ya dakika kumi hutuma kina cha maji. Vingine vimefukiwa kwenye mifereji ya mashamba yaliyoandikishwa, vinapima maji yanayofika. Mizani hujumlisha kwa mwezi, inatoa yaliyofika kwenye yaliyotoka, na kinachobaki inakiita upotevu. Nilirudia hesabu kwa mkono. Asilimia ishirini na tisa. Mwezi uliofuata, ishirini na tisa. Hata yule bata alikuwa amehesabiwa. Kidonge chake kilitambuliwa kuwa kimekwenda kutembea, kikaondolewa.

Na maji yenyewe hayakuwa yanaibwa na mtu mbaya. Yangekwenda mtaa wa Mabatini, kule chini mjini, ambako shule tatu zinafunga saa sita mchana kwa sababu mabomba hukauka. Niliangalia picha za zile shule. Watoto walikuwa wamepanga ndoo zao kwa rangi.

Kulikuwa na njia moja. Sheria ya Shengena inamruhusu mwenye kidole kukiondoa ndani ya siku ishirini na moja, na siku ya ishirini na moja ilikuwa Alhamisi. Fomu ni fupi, ina kisanduku kimoja tu kinachouliza sababu. Tangu Mizani iwashwe hakuna aliyewahi kuijaza. Niliifungua. Nikakaa mbele ya kile kisanduku kitupu, na sikuwa na neno la kuweka. Kuandika "namwonea huruma" kungekuwa kumpendelea shemeji kwa jina jingine.

Saa tisa mchana Bi. Theopista aliniita.

Mkurugenzi wetu ni Mhaya wa Ihangiro, mrefu, mwenye sauti ya chini inayokulazimisha usogee. Alikuwa ametandaza ripoti yangu mezani, na juu yake kulikuwa na ganda la ndizi. Komora alikuwa anagawa ndizi zangu kwa ofisi nzima.

"Umeomba gari la kwenda Heikombo kesho," akasema. "Una shangazi huko?"

"Hapana, Bi. Mkurugenzi."

"Bahati mbaya. Shangazi ningeweza kumtetea." Alinionyesha kiti. "Unalijua sharti la Idara. Mwandishi wa ripoti asiwe mhusika wa shauri lolote mpaka Baraza liisome. Kwenda kumsomea mtu uamuzi wenye kidole chako ni kuwa mhusika."

"Najua."

"Basi unajua nitakachofanya. Jina lako nitaliondoa, nitaweka la Komora. Hilo utalizoea. Lakini sura ya sita siwezi kuibakiza. Watasema imeandikwa na mtu mwenye shauri lake, na watakuwa na haki. Itatoka. Na Baraza hukaa kila baada ya miaka mitatu."

Nilikuwa nimeyahesabu yote hayo usiku uliopita, ila kuyasikia kwa sauti yake kulikuwa kitu kingine. Miaka mitatu. Watu wangapi wangepewa barua baada ya tingatinga?

"Nchi nne, Namsifu. Watu milioni ishirini. Heikombo ni kaya kumi na tisa, na hao kumi na tisa hutawaokolea hata ndoo moja."

"Unanikataza?"

"Ningekuwa nakukataza ningeshamaliza, nipo nakunywa chai." Alilisukuma ganda la ndizi pembeni kwa kalamu. "Baba yangu alikuwa msomaji. Miaka ishirini na minane alitembea na maamuzi yake mkobani. Alipigwa mawe mara mbili. Senene wa kukaanga aliolishwa hawana hesabu. Mama alimuuliza, kwa nini usitume mtu mwingine asome? Akamwambia, kidole ni changu, nimtume nani na sauti?"

"Mimi ndiye niliyeandika kwamba uamuzi usioweza kusomwa mlangoni haufai kutolewa," nikasema. "Nimeandika kwa ajili ya nchi nne. Halafu mmoja ananiomba nisome, na mimi natafuta sababu ya kubaki ofisini. Nimemwahidi, Bi. Mkurugenzi. Ni jambo dogo, najua."

"Dogo sana."

"Ndiyo."

Alizikusanya kurasa za ripoti. "Gari linaondoka saa kumi na mbili asubuhi," akasema mwishowe. "Saa kumi na mbili na dakika moja nitabadilisha jina. Kama utakuwa bado uko kitandani, nitafurahi na sitakuuliza kitu."

3

Gari liliniacha pale barabara inapoishia, na kutoka hapo nilipanda kwa miguu. Nilikuwa nusu ya mlima kifaa changu kilipolia. Ujumbe wa Bi. Theopista ulikuwa na mistari mitatu. *Jina limeondolewa. Sura ya sita imetolewa. Angalia unapokanyaga, njia ya huko ina utelezi.*

Nilisimama kidogo. Kisha nikaangalia ninapokanyaga.

Ndiva ya Heikombo ilikuwa ndogo kuliko nilivyoiwaza, kama uwanja wa kuchezea rede, na ilikuwa imejaa hadi ukingoni. Kuta zake za udongo zilikuwa laini, zimeachwa na alama za viganja vya watu tofauti, vikubwa na vidogo. Watu walikuwa wamekaa kwenye nyasi upande mmoja. Upande wa pili lilisimama tingatinga, la rangi ya machungwa, taa zake zinazunguka, na kwenye kioo chake saa inahesabu kurudi nyuma: dakika arobaini na moja.

Nakivona alikuja kunipokea. Hakusema umekuja. Alisema, "Umetoka jasho," akanipa maji.

"Ndiye huyu?" akauliza mwanamume mmoja aliyevaa sweta licha ya jua. "Mbona katoto?"

"Kana kidole lakini, Kirita," mtu akamjibu, na watu wakacheka. Nilicheka pia.

Nilisimama penye mti unaoziba tundu la ndiva. Hapo ndipo Nakivona alipochagua pawe mlango wao. Nikafungua karatasi.

"Jamhuri ya Shengena. Uamuzi kuhusu matumizi ya maji—"

"Sauti!"

Nikaongeza sauti. Nilisoma mstari wa kwanza, wa pili. Ni jambo la ajabu kusoma maneno hayo mbele ya wanaoyahusu. "Miundombinu" ilikuwa pale, imejaa maji, kipepeo ametua juu yake. "Watumiaji" walikuwa wanamenya maharage mabichi ili asubuhi isipotee bure. Nikafika mstari wa nne.

"Imebainika kwamba ndiva hii ina upotevu wa maji usioelezeka wa asilimia ishirini na—"

"Nyie watu wa juu!"

Sauti ilitoka bondeni. Alikuwa anapanda baba mmoja mfupi, jembe begani, suruali imekunjwa hadi magotini, naye alikuwa amekasirika kwa dhati.

"Tangu kumekucha nimekaa kwenye mfereji kama mjinga! Maji yamelala wapi leo?"

"Tulia, Kallaghe," Nakivona akamwambia. "Tunasomewa."

"Mtasomewa maji yakiwa yanatembea! Maharage yangu hayasubiri mkutano."

Watu wakacheka tena. Mimi sikucheka.

"Samahani, baba," nikasema. "Maji gani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua ni lipi. "Ya leo. Leo si Alhamisi?"

"Yeye ni mtu wa Kizungo, kijiji cha chini," Nakivona akanieleza. "Wao hawana ndiva, kwao ni mawe matupu. Jumatatu na Alhamisi ni siku zao. Tunachomoa mti, maji hayaingii kwetu, yanapita moja kwa moja mpaka kwao. Leo hatujachomoa kwa sababu tulikuwa tunakusubiri wewe."

"Tangu lini?"

"Tangu bibi."

Wazo lilinijia, nikaogopa kuliamini. "Mama Nakivona, mlipojaza fomu ya Mizani, mliandika hizo siku mbili?"

Alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Fomu iliuliza: *mnatumiaje maji yenu?* Tukaandika tunavyotumia, siku zote tano, shamba kwa shamba. Hayo mengine hatuyatumii. Ni yao."

"Na nyie, baba? Kizungo mliandikaje?"

"Iliuliza, *mna ndiva?*" akasema Kallaghe. "Hatuna. Tukaandika hatuna. Sisi si waongo."

Niliinama, nikaokota kijiti, nikaandika kwenye udongo mbele ya wote. Mbili gawanya kwa saba. Nikafuta mara moja na kuanza upya. Ishirini na nane, nukta, tano, saba. Mizani hukamilisha kwenda juu.

Ishirini na tisa.

Hakuna tone lililopotea. Miezi kumi na minane Mizani ilikuwa imeyaona maji yakitoka siku mbili kila wiki na haikuyaona yakifika popote, kwa sababu waliokuwa wanayapokea hawakuwa wameulizwa swali lililowahusu, na waliokuwa wanayatoa hawakuona kwamba wametoa. Na mimi nilikuwa nakula mihogo.

"Mama," nikasema, "niulize."

"Nikuulize nini?"

"Chochote kuhusu mstari wa nne. Nikatize."

Akaelewa. Alikunja kanga yake vizuri, akasimama wima kama mtu aliye mbele ya baraza. "Bi. Mchome. Hayo maji unayosema yamepotea, uliwahi kwenda kuyatafuta?"

"Hapana," nikasema. "Sikuwahi."

Saa ya tingatinga ilikuwa imefika dakika kumi na moja. Nilifungua ile fomu. Kwenye kisanduku cha sababu niliandika: *Si upotevu. Ni zamu ya watu wa Kizungo, Jumatatu na Alhamisi. Hatukuwauliza.* Kisha nikaweka kidole. Kifaa kiliniuliza kama nina hakika. Nikagusa. Kikaniuliza tena, kikaniuliza mara ya tatu, nadhani kwa sababu hakikuwahi kufundishwa kinachofuata baada ya hapo. Halafu ng'ambo ya ndiva taa za rangi ya machungwa zikaacha kuzunguka, na tingatinga likashusha sepeto lake chini taratibu, kama ng'ombe anayelala.

Kallaghe ndiye aliyeanza kusema. "Sasa maji?"

Kelele zikaja zote kwa pamoja. Mtu alinikumbatia kwa nyuma, sikujua ni nani. Ilibidi niwaeleze mara mbili kwamba uamuzi haujafa, umelala tu; kwamba Mizani itapima upya, safari hii mpaka Kizungo; kwamba huko chini mjini kuna shule tatu zinazofunga saa sita, na shida yao ni ya kweli, haikuondoka pamoja na taa.

Nakivona alisikiliza hilo la shule kwa makini. "Wanakosa maji kila siku?"

"Kila siku."

"Si mngesema?" Alimgeukia yule mwenye sweta. "Kirita, zetu ni tano. Zikiwa nne tutakufa?"

"Tutalalamika," akasema Kirita. "Kufa hapana. Ila tukae kikao kwanza."

"Zetu msiziguse," akasema Kallaghe.

Kifaa kililia tena. Alikuwa Komora. *Taarifa ya kidole kuondolewa imetokea kwenye vioo vya zamu nchi nzima. Watu wanne wameshaniuliza inafanywaje. Nimewaelekeza. Sura ya sita nimeihifadhi, miaka mitatu si mingi, kwetu zizi lilisubiri sita.* Nikafuta macho kwa mkono wenye udongo, nikazidi kujipaka.

Nilianza kuikunja karatasi.

"Unakwenda wapi?" akauliza Nakivona.

"Imekwisha, mama. Uamuzi umelala. Hakuna tena haja ya—"

"Uliishia mstari wa nne."

Nilimwangalia. Hakuwa anatania. Watu walikuwa wamerudi kukaa kwenye nyasi. Kallaghe naye alikuwa amekalia mpini wa jembe lake, akitikisa mguu kwa haraka ya maji, lakini amekaa.

"Ulisema mpaka wa mwisho," akasema Nakivona.

Basi nikaikunjua tena. Nikasoma mstari wa tano, unaosema ndiva ifukiwe, nikiwa nimesimama kando yake. Nikasoma wa sita, wenye siku na saa. Nikasoma ule wa rufaa isiyosimamisha kitu, na mtu nyuma akaguna. Hakuna aliyenikatiza tena, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Ulibaki mstari mmoja, ule ambao siku ya zamu yangu sikuufikia hata kwa jicho.

"Uamuzi huu umethibitishwa na," nikasoma, "Namsifu Elinihaki Mchome."

Maji ya ndiva yalitikisika kidogo kwa upepo.

"Haya, Namsifu," Nakivona akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. "Shika huu mti tuuchomoe. Watu wa chini wamechelewa."